Kura ya Pacha

Kiazi cha kwanza kiligonga kioo cha mbele kabla gari halijavuka daraja la kuingilia Igulusya. Cha pili kikafuata, kisha vikaja kwa mkupuo. Havikuwa viazi vibovu. Ambwene Ngailo aliliona hilo, na likamchoma kuliko vishindo vyenyewe. Watu wa kwao hawakuwa na desturi ya kuchezea chakula. Mtu akidondosha kiazi njiani alirudi kukiokota. Leo walikuwa wamechagua vilivyo vizima na vigumu, ili viumize.

"Usishushe kioo," alisema Wakili Mbilinyi aliyeketi kando yake, macho kwenye kishikwambi. "Wakichoka wataacha."

Hawakuchoka. Gari lilikuwa linajiendesha lenyewe, na kila lilipoona mtu mbele lilisimama kwa adabu, jambo lililowapa watu wa Igulusya nafasi nzuri ya kulizingira. Mwanamke mmoja mnene, aliyejifunga kitenge juu ya koti, alivua buti lake la mpira, akainua mguu mpaka kisigino kikagusa kioo upande wa Ambwene. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa baridi ya milimani. Wengine wakamwiga. Muda si mrefu gari zima likawa limezungukwa na visigino.

"Ndiyo nini hiyo?" Mbilinyi aliuliza.

"Wanatuonyesha mahali tulipowatoboa."

Kila mtoto aliyezaliwa katika Shirikisho alitolewa tone la damu kisiginoni kabla kitovu hakijakauka. Mwanzoni tone hilo lilipimwa magonjwa tu. Baadaye Tume ya Uchaguzi ikaliomba. Wananchi walikuwa wameacha kupiga kura. Vituo vilifunguliwa asubuhi vikafungwa jioni, wasimamizi wakiwa wamesinzia juu ya meza. Ndipo Bunge likapitisha sheria: raia asiyefika kituoni hakukosa la kusema, ila hajasema tu, na kwa kuwa hajasema, damu yake itamsemea. Mtambo ulioitwa Mizani ulisoma vinasaba vyake, ukavilinganisha na vya mamilioni ya wenzake waliokubali kura zao zisomwe, kisha ukamjazia chaguo lake. Serikali iliita hiyo Kura Wakilishi. Mitaani iliitwa kura ya damu.

Igulusya walikuwa wamesusia uchaguzi wa gavana. Mji mzima ulijifungia ndani, hata mbwa hakuonekana barabarani. Mizani ikawapigia kura wote, na karibu wote ikawapeleka kwa Gavana Luvanda, mtu yuleyule ambaye bwawa lake lingezamisha Bonde la Mfilisi pamoja na mashamba, shule na makaburi. Walilala wakiwa wamegoma, wakaamka wakiambiwa wamemchagua.

Sasa walikuwa wamefungua kesi. Ambwene, mtaalamu mkuu wa vinasaba wa Tume, alikuwa amekuja kuitetea Mizani kizimbani. Na mlalamikaji wa kwanza katika kesi hiyo alikuwa Sekela Ngailo, dada yake. Wanawake hao wawili walitoka tumbo moja siku moja, na zaidi ya hapo, walitoka katika yai moja.

"Nina swali," Mbilinyi alisema, gari lilipoanza tena kujikokota. "Nimelihifadhi tangu tulipotoka mjini. Wewe ulikwenda kituoni mwenyewe. Ulimpigia nani?"

"Kura ni siri, Wakili."

"Ni siri ya mwenye kura. Mwenyewe akitaka kuifungua, sheria haimzuii."

Ambwene alitazama kisigino kilichokuwa kinateleza taratibu juu ya kioo, kikiacha alama ya matope.

"Nilimpigia Luvanda."

Mbilinyi alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza. "Basi kesi imekwisha. Damu moja. Mmoja alikaa nyumbani, mwingine akaenda kituoni. Kura yako ndiyo kura ambayo dada yako angeipiga, na ndiyo ileile Mizani iliyompigia. Jaji hatahitaji hesabu zetu hata moja." Akafunga kishikwambi. "Na sikuombi useme uongo. Ndio uzuri wake."

* * *

Mwenye nyumba ya wageni, Mama Atuganile, alimkabidhi ufunguo kwa mkono wa kushoto.

"Maji ya moto yapo?" Ambwene aliuliza.

"Yapo kwa wageni. Wewe si mgeni."

Asubuhi ya kesi alioga maji yaliyomkata pumzi. Alikuwa anafunga vifungo vya koti mlango uliposukumwa. Sekela hakupiga hodi wala hakusalimu. Walikuwa hawajatazamana ana kwa ana tangu msiba wa mama yao, na Ambwene alishtuka kama anavyoshtuka mtu anayekutana na kioo asichokitegemea. Ulikuwa uso wake mwenyewe, ila ulioachwa nje miaka mingi: jua limeukausha, baridi imeuchora mistari pembeni mwa midomo.

"Watakuuliza ulimpigia nani," Sekela alisema.

"Umejuaje?"

"Ningekuwa wao, ningekuuliza hilohilo." Alibaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na alizoea kusema akiwa wima. "Nimekuja kukuomba kitu. Kukuomba wewe kunanitia kichefuchefu, kwa hiyo nitasema mara moja. Waambie ulimkataa Luvanda."

"Na kama sikumkataa?"

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni. Sekela alisubiri mpaka shoka likatua.

"Ulimpigia," akasema polepole. "Ulimpigia kura mtu anayetaka kumfukia mama kwa maji."

"Mama alishafukiwa. Na wewe ndiye uliyeharakisha."

Hapo ndipo kilipokuwa kidonda. Sekela alimuuguza mama yao peke yake, akimgeuza kitandani kama mtoto mchanga, wakati Ambwene akisoma ng'ambo. Habari ya kifo ilipomfikia, Ambwene alipanda ndege ya kwanza aliyoipata. Alifika Igulusya akakuta udongo umeshasawazishwa na watu wanakunywa chai ya matanga. Alipolia kwamba hawakumngoja, Sekela alimjibu mbele ya waombolezaji wote: "Mama alikuita mpaka sauti ikakauka. Sikuona sababu ya maiti nayo ikusubiri." Tangu siku ile hakuna aliyemtafuta mwenzake.

"Sikuja kugombana juu ya mazishi," Sekela alisema. "Nimekuja kwa ajili ya bonde. Kuna watu humu wamezaliwa, wamezaa na wamezikana kwenye kile kipande cha ardhi. Uongo wako mmoja, wa pumzi moja, unaweza kuwaokoa."

"Nitakuwa chini ya kiapo. Nikidanganya leo, kila nilichowahi kukiandika kitakuwa uongo."

"Na ukisema kweli, kila wanachokisema wao kitakuwa kweli. Haya, chagua."

"Si hivyo, dada."

"Usiniite dada."

Ambwene alitaka kumwambia kwamba kweli ile ilikuwa na upande wa pili, na kwamba upande huo ulikuwa mchafu kuliko uongo wowote. Badala yake akamalizia kifungo cha koti. "Nenda, Sekela," akasema. "Nitachelewa."

Sekela alitema mate sakafuni, karibu kabisa na viatu vya pacha wake, akatoka akiuacha mlango wazi.

* * *

Chumba cha mahakama ya Igulusya kisingetosha, hivyo kesi ilisikilizwa katika ghala la pareto. Magunia yalikuwa yamesukumwa ukutani, na harufu kali ya maua makavu ilikereketa koo. Jaji Tweve, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, alivaa joho juu ya sweta mbili. Watu walijaa mpaka mlangoni. Ambwene alipopita kwenda kizimbani walisimama mmoja mmoja wakavua kiatu cha mguu wa kulia. Hakuna aliyezomea.

Alishika kitabu, akaapa kusema kweli, kweli yote, na kweli tupu.

"Iambie mahakama, kwa lugha ya kila siku," Mbilinyi alianza, "mnajuaje kwamba damu ya mtu ina neno katika kura yake?"

Hili Ambwene alikuwa amelieleza mara nyingi, na sauti yake ikatulia. "Tunaanzia kwa pacha. Kuna pacha wa yai moja, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Na kuna pacha wa mayai mawili, wanaofanana kwa kadiri ya nusu, kama ndugu wengine. Wote wamelelewa nyumba moja, wamekula chungu kimoja, wamesikia siasa zilezile kwa baba na mama. Sasa tukiona pacha wa yai moja wanafanana zaidi kuliko wale wengine katika kwenda kupiga kura au kubaki nyumbani, tunasema hapa urithi una mkono wake. Tulichunguza pacha wengi, na mkono huo tuliuona. Karibu nusu ya tofauti iliyokuwepo kati ya watu ilielekea kwenye urithi."

"Nusu ya kura imo katika damu!" Mbilinyi aliugeukia umati. "Mmesikia."

"Sikusema hivyo, Wakili."

Mbilinyi alirudi nusu hatua. "Umesema nusu."

"Nimesema nusu ya tofauti kati ya watu, katika watu wale, mahali pale, wakati ule. Sikusema nusu ya mtu. Na hiyo ilikuwa juu ya kufika kituoni au kutofika. Kumchagua nani ni jambo jingine. Hapo urithi unashika kwa kidole, haushiki kwa mkono." Alimtazama jaji. "Mheshimiwa, mtu akikata kiazi kimoja cha mbegu vipande viwili, akapanda kimoja kule juu kwenye baridi ya sakitu na kingine chini bondeni, asili ni moja, mavuno hayawi mamoja. Mizani inaweza kukisia shamba zima na ikakaribia. Ukiiuliza juu ya shina moja, inabahatisha."

Mzee mmoja nyuma ya ghala aliguna. Halikuwa guno la kirafiki, lakini lilikuwa la mtu anayesikiliza.

Sauti ya Mbilinyi ikawa kavu. "Tuachane na kilimo. Mlalamikaji wa kwanza ni nani kwako?"

"Ni pacha wangu."

"Wa yai moja?"

"Wa yai moja."

"Mizani ilimpigia kura Gavana Luvanda kwa niaba yake. Yeye anadai damu yake imesingiziwa. Sasa wewe, mwenye damu hiyohiyo, ulipofika kituoni kwa miguu yako, ulimpigia nani?"

Jaji Tweve aliinua kalamu. "Shahidi, kura yako ni siri yako. Mahakama hii haiwezi kukulazimisha kuitoa, na ukinyamaza hakuna atakayekudhania vibaya."

"Naelewa, Mheshimiwa. Nitajibu." Aliona Sekela, mstari wa mbele, amekunja mikono juu ya mapaja kama mtu anayengoja kupigwa. "Nilimpigia Gavana Luvanda."

Ghala lililipuka kwa kelele. Viatu vilirushwa, kimoja kikagonga kizimba, kingine kikampata Ambwene begani. Mwanamke aliyeonyesha kisigino darajani alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele kwamba huyu azikwe hai ndani ya hilo bwawa lake. Askari walisukuma watu chini. Jaji aligonga meza mpaka mkono ukachoka.

"Wahenga walijua vinasaba kabla yetu," Mbilinyi alisema kelele zilipopungua. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na pacha wa nyoka, Mheshimiwa? Sina swali zaidi."

"Mlalamikaji," jaji alisema, "una haki ya kumhoji shahidi."

Sekela alisimama. Alikuwa na maswali. Ambwene aliyaona yakimpita usoni. Kisha uso ule ukajifunga.

"Sina neno na mtu huyu," alisema, akaketi.

Hivyo ndivyo ilivyokaribia kwisha. Karani alikwishaanza kumwashiria Ambwene ashuke. Mbele yake kulikuwa na ngazi fupi, gari la Tume, na kazi yake iliyokuwa inamsubiri mjini. Kweli alikuwa ameisema, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwita mwongo. Kushuka tu kulitosha.

"Mheshimiwa," alisema, "sijamaliza kujibu."

Mbilinyi aliinuka kama aliyechomwa sindano. "Napinga! Shahidi ameulizwa alimpigia nani, na amesema. Swali limekwisha."

"Wakili Msomi, shahidi ameapa kusema kweli yote," jaji alimjibu. "Nataka kuisikia iliyobaki."

Ambwene alishika ukingo wa kizimba. Mbao za kizimba zilikuwa mbichi na zilinata mikononi.

"Nilipoingia kituoni sikuwa nimeamua. Nilisoma jina la Luvanda, nikakumbuka bwawa, na nilipokumbuka bwawa nikamkumbuka dada yangu. Nilikuwa nimemsikia redioni akiwaambia watu wasusie. Sauti yake ni yangu, Mheshimiwa, na kuisikia kunanikera, kwa sababu ya jambo lililotokea katika msiba wa mama yetu. Nikawaza: Luvanda akishinda, Sekela ataumia. Nikabonyeza. Najua bwawa hilo linazamisha nini. Kaburi la mama yetu liko mita chache kutoka mtoni. Nililijua hilo kidole kikiwa juu ya kitufe."

Hakuna kiatu kilichorushwa.

"Sikumpigia kura gavana," aliendelea, "wala damu yangu haikumpigia. Nilipiga kura dhidi ya dada yangu. Asingesimama kumpinga Luvanda, mimi nisingemchagua. Sasa Tume inachukua kura niliyoipiga ili kumkomoa, inasema, tazameni, ndiyo kura yake."

"Unajuaje?" Mbilinyi alifoka. Alikuwa amesahau kumwomba jaji ruhusa. "Chuki nayo ni ya kurithi! Ukaidi ni wa kurithi! Umetumia nusu saa kutuambia hivyo!"

"Inawezekana. Basi tuseme tumerithi ukaidi, yeye na mimi, kwa kipimo kilekile. Ukaidi huo ulimfanya yeye abaki nyumbani, na mimi ukanipeleka kwa Luvanda. Damu moja, ukaidi mmoja, kura mbili. Mizani ilipaswa kusoma nini hapo, Wakili? Ilipaswa kusoma mazishi. Na mazishi hayamo katika tone la damu ya mtoto mchanga."

Jaji Tweve aliandika kwa muda, kisha akauliza bila kuinua kichwa. "Kama dada yako angekuwa anamuunga mkono Luvanda?"

"Ningempigia mpinzani wake, Mheshimiwa. Hata kama mpinzani huyo angekuwa jiwe."

"Mtoto wa nyoka," Mbilinyi alianza tena.

"Kuzaa si kazi, Wakili, kazi ni kulea," Ambwene alimkatiza. "Wahenga walisema na hilo pia."

* * *

Alipotoka ghalani, gari la Tume lilikuwa limeondoka. Mbilinyi alikuwa amelipanda peke yake, na simu ya Ambwene ilikuwa imefungiwa; kila alipoigusa ilimjibu kwamba si mtumishi tena. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Alikuwa amewasaidia, na hakuna aliyeonekana kujali. Walichokisikia wao ni kwamba mtoto wa Igulusya alikubali kuwazamisha wote kwa ugomvi wa nyumbani.

Bonge la matope likampiga shavuni. Kijana mmoja akamvuta koti mpaka mshono ukafumuka. Mtu akamkanyaga kisigino, kwa makusudi, kwa nguvu zote.

"Mwacheni."

Sekela alikuja akipenya umati bila haraka. Hakumtazama Ambwene. "Mkimjeruhi, kesho Tume watakuja kutukamata kwa jina la amani, na hukumu itakaa kabatini. Mnataka hukumu au mnataka nyama?"

Walimpisha. Sekela alitangulia, Ambwene akamfuata akichechemea, na watu wakawafuata kwa mbali mpaka mwisho wa mji. Walifika barabara kuu, mahali malori ya mbao yanapopunguza mwendo kwa ajili ya mteremko. Ukungu ulikuwa umeshuka.

"Ungedanganya," Sekela alisema hatimaye, "ningekushukuru."

"Najua."

"Sasa siwezi. Umesema mwenyewe, mbele ya watu. Ulikuwa tayari kumzamisha mama."

"Nilikuwa tayari."

Sauti ya Sekela haikuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikuambie kitu? Mimi nilisusia kwa ajili ya bonde. Nilipokuwa redioni nilikuwa nawawazia wanafunzi wangu, na nyumba yangu, na wale wazee. Wewe sikukuwaza kabisa. Hukuwemo. Miaka yote hii wewe umekuwa ukigombana na mimi, na mimi sikuwepo kwenye ugomvi."

Ambwene alihisi maneno hayo yakiingia mahali ambapo viazi, matope na viatu havikufika. Alikuwa ameamini kwamba kuna kamba inayowafunga, chafu na ngumu, lakini kamba. Na kwamba kila mmoja amekamata ncha yake.

Lori lilitokea ukunguni. Sekela aliinua mkono, likasimama. Aliongea na dereva kwa lugha ya kwao, akamwambia amfikishe mwanamke huyu mpaka mjini Lupande, asimshushe njiani.

"Sekela."

"Panda."

Akapanda.

* * *

Jaji Tweve alifuta kura zote ambazo Mizani ilizipiga kwa niaba ya watu wa Igulusya. Katika hukumu yake aliandika kwamba mtu anayenyamaza amesema jambo moja tu, kwamba amenyamaza, na hakuna mtambo wenye ruhusa ya kuongeza neno juu yake. Akaamuru wapige upya, na safari hii asiyefika ahesabiwe kuwa hakufika.

Walifika. Walipanga mstari kwenye manyunyu, wazee wakiwa wamebebwa migongoni. Na masanduku yalipofunguliwa likaonekana jambo ambalo Sekela hakulitegemea: si wachache waliompigia Luvanda kwa mikono yao wenyewe. Miongoni mwa waliovua viatu ghalani walikuwemo waliotaka umeme na fidia, ambao siku ya mgomo walijifungia ndani kwa kuogopa majirani. Mizani ilikuwa imekosea juu ya mji, na Sekela naye alikuwa amekosea. Hata hivyo waliomkataa walikuwa wengi zaidi, na Luvanda akaanguka kwa tofauti ndogo. Kura ya Ambwene, iliyopigwa Lupande, haikufutwa wala haikurudiwa. Ilibaki palepale ilipokuwa, imehesabiwa kwa Luvanda, na itabaki hivyo daima.

Matokeo yalitangazwa mchana, saa ya chakula, Ambwene akiwa katika mgahawa mmoja karibu na stendi ya Lupande. Alikuwa anatafuta kazi, na tangu Tume imfukuze hakuna maabara iliyomfungulia mlango. Mgahawa ulikuwa na joto la watu waliokasirika. Lupande ndiko umeme wa bwawa ulikokuwa uende. Watu wake walikuwa wameishi kwa mgao wa umeme miaka mingi, na waliahidiwa kwamba giza lingekwisha. Sasa skrini ya ukutani ilikuwa inamwonyesha Sekela, amesimama mbele ya ghala la pareto, anaulizwa anajisikiaje.

"Nimechoka," Sekela alisema kwenye skrini. "Na majirani zangu sasa nawajua."

Mtu aliyekaa meza ya jirani, fundi mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, alimtazama mwanamke wa kwenye skrini. Kisha akageuka akamtazama Ambwene. Akatazama tena skrini.

"Si huyu hapa!" alisema. "Jamani, si ndiye huyu?"

Vijiko vilitua. Fundi alisimama, akachukua kikombe chake cha chai, na kabla mtu hajamzuia alimmwagia Ambwene kifuani. "Mke wangu alijifungulia kwenye mwanga wa simu," alisema. "Kwa ajili ya mashamba yenu ya viazi! Utatuambia nini?"

Chai ilikuwa ya moto. Ambwene aliivuta nguo ili isigande kwenye ngozi. Wengine walikuwa wanainuka, na njia ya mlangoni ilikuwa bado wazi. Angeweza kuwaambia alimpigia Luvanda, kama wao, na ingekuwa kweli. Huenda wangemfutia kifua na kumwomba radhi. Angeweza pia kunyamaza, wakaendelea kumchukia Sekela, ambaye alikuwa mbali na asingedhurika.

Alisimama.

"Yule ni dada yangu," alisema, akionyesha ukuta. "Anaitwa Sekela. Yeye alifungua kesi tu, na kesi hiyo alikuwa ameshindwa. Aliyepanda kizimbani akaiangusha Mizani ni mimi. Naitwa Ambwene Ngailo."

Fundi alibaki na kikombe kitupu mkononi. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Akavuta kiti chake, akaketi mbele ya sahani yake, akawasubiri.